Chujio la Kiboko Lilipoingia Ghalani kwa Kindi

Nifungue, nisifungue?
Fungua!
Na atakayesinzia?
Tutamfinya!
Haya, nyamazeni basi.

"Madebe mia mbili ya mtama!" Kiboko alinguruma. "Leo hii! La sivyo, shamba hili langu."

"Mia mbili za nini?" Kanga alipiga kelele, vifaranga wamejibanza chini ya mabawa yake. "Juzi nimekupa arobaini! Programu yangu inahesabu mayai. Nikitaga kumi, inasema kumi. Kosa liko wapi?"

"Chujio limesema makosa mia mbili. Wewe na Chujio, nani anajua?"

Kanga akalitazama shamba lake. Mvua zilikuwa zimekaribia, na hakuwa na pengine pa kulaza watoto.

Sasa, Chujio ni nini? Zamani hizo kila mnyama alikuwa na kompyuta yake. Nani kauliza umeme waliutoa wapi? Walikuwa nao! Ukitaka kunikatiza, njoo usimulie wewe. Kila mnyama aliandika programu yake. Kanga aliandika ya kuhesabu mayai. Nyani aliandika ya kugawa zamu za kisima. Nungunungu aliandika ya kuhesabu miiba yake mwenyewe, maana hana kazi. Na Kiboko aliandika Chujio, programu ya kusoma programu za wenzake na kutafuta makosa. Likiona kosa linalia, tii! Na kwa kila tii, mwenye programu humpa Kiboko debe moja la mtama.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Kisha Kiboko akaona: kumbe tii ni mtama! Akalifundisha Chujio kulia. Mstari mrefu, tii! Mstari mfupi, tii! Mstari umeachwa wazi, tii, tii! Tumbo lake likajaa, ghala lake likajaa, na bado akasema hajashiba.

Kindi alikuwa juu ya mti, anasikia yote. Akashuka, paru, paru, paru.

"Shikamoo, Mjomba Kiboko."

"Marahaba. Rudi juu, mkia mtupu wewe. Hapa kuna kazi."

"Nimekuja kwa kazi hiyo hiyo. Mjomba, unahangaika na kishamba kimoja, na ghalani kwangu kuna programu za msitu mzima?"

Masikio ya Kiboko yakasimama, pwi!

Mnamjua Kindi, hawezi kuona kitu asikiweke. Wenzake waliweka karanga, yeye aliweka programu. Lakini hakuzoa tu. Alichagua. Programu iwe inatumika kweli, iwe na matoleo yake yote, la kwanza mpaka la mwisho, na iwekwe vile vile ilivyoandikwa, na ubovu wake. Hakuna kugusa hata nukta. Pembeni yake huandikwa makosa yanayojulikana, yale yaliyoonekana kwa macho. Jina la mwandishi hufunikwa kwa jani, ili mpimaji asimpendelee shemeji yake. Mwenye chombo cha kupimia programu anakijaribia pale, na mwenzake akirudia kesho, anapata jibu lile lile.

"Pitisha Chujio ghala zima, mbele ya wote," Kindi akasema. "Likiona kosa, mwenye programu alipe."

"Programu zote?"

"Zote, Mjomba. Hakuna kuruka hata moja."

"Na Chujio likisema, limesema?"

"Hilo ulitamke wewe, wenzetu wasikie."

"Limesema!" Kiboko akanguruma. "Asiyelipa, shamba lake langu!"

"Ila kuna jambo dogo. Ghala langu halipokei takataka. Nyani mwenyewe nimemkataa mara mbili kabla hajarekebisha yake. Lakini ghala lisilo na Chujio ndani, Mjomba, ni ghala kweli? Nipe nakala moja niiweke safu ya mbele."

Kiboko akavimba kwa sifa, akawa viboko wawili. "Chukua! Weka wanapoiona wote!"

Asubuhi wakakusanyika. Kindi akatoa sanduku la kwanza, programu moja ndani yake. Tii! Tii! Tii! Makosa themanini.

"Ghala linasema mawili, Mjomba."

"Ghala lako kipofu!"

"Kwa hiyo Chujio limesema?"

"Limesema!"

Jani likafunuliwa. Nungunungu akakaa chini, miiba yote imelala.

Sanduku la pili. Tii! Tii! Tii! Makosa mia na hamsini.

"Ghala linasema moja, Mjomba. Chujio limesema?"

"Limesema!"

Jani likafunuliwa. Nyani akashika kichwa kwa mikono minne.

Sanduku la tatu. Hapo sasa! Tii! Tii! Tii! Tiitiitiitii! Mpaka jua likawa utosini. Makosa elfu tatu. Kiboko akacheza, ardhi ikatikisika, gidi! gidi! gidi!

"Mpumbavu gani kaandika hii? Mistari imetapakaa kama kinyesi cha mbuzi! Huyu anyang'anywe mpaka kitanda!"

"Limesema, Mjomba?"

"Limesema! Limesema! Limesema!"

Kindi akafunua jani, taratibu. "Chujio," akasoma. "Limeandikwa na Kiboko."

Kiboko akaacha kucheza, mguu mmoja ungali juu.

"Li... limekosea!" Kiboko akasema. "Mashine imepata joto. Rudieni!"

Nyani akarudia kwa mashine yake. Tii mpaka jioni. Elfu tatu, haikupungua wala kuzidi.

"Limekosea, nawaambia!"

"Sawa, limekosea," Kindi akajibu. "Basi na kwa Kanga limekosea, na kwa wote. Rudisha mtama wa watu. Au halikukosea, ulipe madebe elfu tatu. Chagua, Mjomba. Sisi tupo."

Kiboko akatazama kushoto, Nungunungu. Akatazama kulia, Nyani. Mbele, Kanga na vifaranga wake, wamekaa katikati ya shamba lao. Nyuma, mto. Akajitupa, chubwi! na mtama wa watu tumboni.

Basi jamani, funzo ni hili: kazi yako ifiche. Usikubali ipimwe pale zinapopimwa za wenzako, na ole wako mtu arudie hesabu yako. Kiboko angefanya hivyo, leo angekuwa anaota jua.

Nilifungua, nimefunga. Aliyesinzia, mfinyeni.

Ila Kanga hajafunga. Pita mtoni mchana utaona pua mbili, macho mawili na masikio mawili juu ya maji: ni Kiboko anachungulia kama ukingo ni mtupu. Si mtupu. Kanga amesimama pale pale na watoto wake.

"Kiboko! Lete madebe yangu arobaini."