Sare ya Bi Nasra

Siwatu wa Pangani aliishi peke yake na kuvaa alichopenda, bila kumwomba mtu ruhusa. Mtaa mzima ulimsamehe kwa shida.

Bi Nasra, tajiri wa mtaa, alipomwoza binti yake, aliwatangazia wanawake wote sare ya kijani.

"Na wewe Siwatu, safari hii utavaa. Asiyevaa sare hapiti mlangoni kwangu."

"Hata mama yako?"

"Wallahi, hata mama yangu mzazi!" aliapa mbele ya majirani.

"Mashallah, una msimamo," alisema Siwatu, akaenda zake.

Siku ya harusi ua ulijaa kijani kama shamba la mchicha, na Bi Nasra alisimama mlangoni kukagua. Akatokea mama yake, Bi Mize, amejitanda kanga nyekundu, ameegemea mkono wa Siwatu aliyevaa manjano.

"Mama! Sare yako iko wapi?"

"Nyumbani. Unanifukuza?"

Majirani walikohoa. Bi Nasra akawapisha wote wawili.

"Nani kakutia wazimu huu, mama?"

"Siwatu aliniuliza napenda rangi gani," alijibu kikongwe. "Nina miaka sabini na minane, na sijawahi kuulizwa."