Leseni ya Nakijwa

Usiipitishe hii kabla hujaisoma mpaka mwisho. Ukishaisoma, mpelekee yeyote unayemfahamu anayesomea sheria. Mpelekee na mama yake.

Palikuwa na ufalme mmoja wa milimani ambako mtu haruhusiwi kusema barazani bila leseni ya uwakili. Kama una kesi na huna wakili, hakimu anakuuliza, wewe unajibu ndiyo au hapana, basi. Ukiongeza neno, askari anakushika mkono.

Katika ufalme huo mjane mmoja, Mama Nakijwa, alishtakiwa na jirani yake tajiri, Bwana Mbaga. Mbaga alidai kwamba shamba la tangawizi la mjane huyo ni lake, eti marehemu mume wa mjane alimuuzia kabla hajafa. Mawakili wote walitaka ujira ambao mjane hakuwa nao. Ndipo binti yake, Nakijwa, aliposema, "Mama, nitakusemea mimi. Ngoja nikachukue leseni."

Ngoja nikachukue. Kana kwamba leseni ni kuni.

Kwanza unasoma sheria mpaka ufaulu. Nakijwa alisoma, akafaulu. Kisha unakuwa mwanagenzi wa wakili mwaka mzima. Unambebea mkoba, unasimama nyuma ya kiti chake, na kila baraza linapokaa unaweka kokwa ya ukwaju chini ya ulimi ili usiseme. Baraza likivunjika unaitema kiganjani, wakili wako anaiona, anaitikia kwa kichwa kwamba leo umenyamaza vizuri. Mwisho unafika mbele ya Jopo la Leseni. Hapo unaulizwa sheria, halafu unaulizwa tabia.

Nani aliyebuni kwamba mtu hufundishwa kusema kwa kuzibwa mdomo? Usiniulize mimi.

Nakijwa akawa mwanagenzi wa Wakili Mntambo. Wenzake walimtania kila siku.

"Nakijwa, wewe kokwa utakuja kuimeza. Unavyopenda kubisha!"

"Heri niimeze kuliko kuizoea," aliwajibu.

Mwaka wa ukimya ulikuwa haujaisha kesi ya mama yake ilipoitwa. Siku hiyo Mntambo alikuwa barazani akingojea kesi yake mwenyewe, na Nakijwa nyuma yake, mkoba mkononi, kokwa mdomoni.

Wakili wa Mbaga alieleza kwa madaha jinsi shamba lilivyouzwa. Alipomaliza, hakimu akamgeukia mjane.

"Mama, mumeo alipouza shamba, wewe ulikuwapo?"

"Hakuuza, mheshimiwa."

"Ndiyo au hapana. Ulikuwapo?"

"Sasa nitakuwapoje kwenye kitu ambacho hakiku..."

Askari akamshika mkono.

"Hapana," akasema mama.

"Karani, andika. Hakuwapo shamba lilipouzwa."

Nakijwa alitema kokwa. Ilidunda sakafuni, kila mtu akageuka.

"Mheshimiwa Hakimu, katika ufalme huu shamba haliuzwi kwa maneno matupu. Muuzaji na mnunuzi huutembea mpaka pamoja, majirani wakitazama. Mpaka usiotembewa haujauzwa. Bwana Mbaga na atutajie jirani mmoja, mmoja tu, aliyewaona wakitembea!"

Wakili wa Mbaga akaanza kupekua karatasi kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Hoja nzuri," alisema hakimu taratibu. "Nzuri sana. Nani ameisema?"

"Mimi. Binti yake."

"Una leseni?"

"Bado, mheshimiwa."

"Basi hakuna aliyesema. Karani, futa."

Shamba likaenda kwa Mbaga. Mjane akaachiwa nafasi ya kukata rufaa kabla mvua za vuli hazijaanza.

Mwezi haukwisha, Wakili Mntambo akasimama barazani kumtetea mfanyabiashara mmoja katika kesi ya shamba. Alisema maneno yaleyale, hata pale pa "jirani mmoja, mmoja tu" hakubadilisha. Akashinda. Nakijwa alikuwa nyuma yake, kokwa mdomoni. Mji mzima ukaiita Hoja ya Mntambo, na walimu wa sheria wakaanza kuifundisha.

"Mzee," Nakijwa alimwambia jioni ile, "sasa hoja imekubaliwa. Nakuomba umsemee mama yangu kwenye rufaa."

"Binti, nikianza kusema bure nitakula nini? Mwaka wako unaisha. Chukua leseni, ukaseme mwenyewe." Akashusha sauti. "Jopo wakikuuliza kama uliwahi kusema barazani, sema hapana. Yale yalifutwa. Kwa sheria, hujawahi kusema."

Siku ya Jopo ikafika. Wajumbe walikuwa wazee waliovaa joho, na Mntambo mmoja wao. Nakijwa aliapishwa kusema kweli tupu. Mwenyekiti akaanza na sheria.

"Tueleze Hoja ya Mntambo."

Nakijwa aliwaeleza. Alieleza mpaka mjumbe mmoja akacheka kwa furaha.

"Mntambo, angalia! Huyu anaieleza kukushinda wewe mwenyewe!"

Mntambo alitabasamu akitazama dari.

"Sheria umepita," alisema mwenyekiti. "Sasa tabia. Je, uliwahi kusema barazani bila leseni?"

Nakijwa alimwona mama yake kupitia dirisha, akingoja uani. Neno moja tu, hapana, na rufaa ingekatwa kesho yake. Lakini alikuwa ametoka kuapa.

"Ndiyo," alisema. "Niliwahi."

"Ulisema nini?"

"Hiyo hoja mliyoisifia sasa hivi. Niliisema mimi, kwenye kesi ya mama yangu. Mzee Mntambo alikuwapo."

Mwenyekiti akageuka. "Mntambo, ni kweli?"

"Mimi sikumbuki," alisema Mntambo.

Mwenyekiti alikunja karatasi zake polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu wa mtu anayefanya kazi yake.

"Binti, kama ni kweli, ulisema bila leseni. Kama si kweli, umelidanganya Jopo baada ya kuapa. Kwa vyovyote vile, tabia imekuangusha. Mwingine aingie."

Aliyeingia alikuwa mmoja wa wale wenzake waliomtania. Alieleza Hoja ya Mntambo nusunusu, akasema hapana palipotakiwa hapana, akatoka na leseni.

Uani, mama yake alikuwa ameikaza kanga kichwani. Mawingu yalikwisha kujikusanya mlimani.

"Wamekupa?"

"Hapana, mama. Waliniuliza kama niliwahi kusema. Nikasema kweli."

Mama huyu ndiye aliyemchapa Nakijwa utotoni kwa uongo wa kipande cha sukari guru. Tone la kwanza la mvua za vuli lilimwangukia begani, asilifute.

"Ungedanganya, mwanangu," alisema. "Mara moja tu. Ungedanganya."

Funzo: Penye masharti yanayomwangusha anayesema kweli, usishangae wenye leseni wakinyamaza unapodhulumiwa, kunyamaza ndio mtihani waliofaulu.