Foleni ya Waliojaa

Hapo zamani, na zamani hiyo kwa hesabu yangu ni mwaka mmoja na siku tatu, palikuwa na mtafiti katika hospitali ya rufaa aliyejua kila kitu kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, isipokuwa wanawake wanaoiugua. Mtafiti huyo ni mimi, Dakta Nyamizi.

Kwanza, nilichunguza picha mia tatu na kumi na mbili zinazopigwa kabla ya mionzi. Nikagundua kwamba mgonjwa akiingia na kibofu kitupu, utumbo hushuka katika njia ya mionzi, naye hurudishwa nyumbani bila tiba. Kabla yangu, faili lake liliandikwa tu "hakuwa tayari".

Pili, niliandika mwongozo wa kurasa kumi na nne: kila mgonjwa anywe nusu lita ya maji saa moja kamili kabla ya namba yake kuitwa. Ulikuwa na grafu za rangi. Niliupenda hata nikausoma tena wakati wa chakula cha mchana.

Tatu, wanawake wakautii, na balaa likaanza, kwa kuwa mashine haikuusoma mwongozo. Ilikwama, foleni ikasimama, wanawake wakakimbilia chooni. Waliorudishwa wakazidi wa zamani.

Miongoni mwao alikuwa Mama Nankondo wa Newala. Alihitaji siku ishirini na tano za mionzi zisizokatika, na alikwisha kurudishwa mara mbili. Daktari wake alimwambia wazi: "Mama, pengo la tatu litaupa uvimbe nafasi ya kuota upya."

Siku moja mashine ilipokwama tena, yeye alishika namba tisa, na iliyoitwa ilikuwa ya nne. Akasimama katikati ya ukumbi, mbele ya waume za watu, magoti ameyabana.

"Dakta, nimejaa! Nimejaa sasa hivi, si saa tano na robo. Karatasi yako ina kila kitu isipokuwa mwili wa mtu!"

Nikafungua ukurasa wa sita ili nimjibu. Naam, niliufungua.

Mwenye namba nne alikuwa Bi Mwanamvita wa Pangani, naye alikuwa amejaa. "Pita, shoga," akasema. "Mimi nimezaa saba, kukaza nakujua."

Lwitiko, mwendesha mashine, alijua kanuni: namba hazirukwi. Akaikunja orodha, akaitia mfukoni. "Leo siiti namba. Namwita aliyejaa. Mama, ingia!"

Mama Nankondo akapata mionzi yake. Bi Mwanamvita hakukaza hata dakika kumi. Alikwenda chooni, akarudishwa nyumbani, likawa pengo lake la kwanza. Lwitiko akapewa barua ya onyo. Mimi nikaipima foleni hiyo ya waliojaa kwa miezi sita, nikaandika ripoti, foleni ikawa kanuni ya hospitali. Onyo la Lwitiko bado limo jaladani.

Jana Mama Nankondo alikuja kupimwa. Uvimbe haukuonekana. Akatukusanya sote watatu.

"Binti yangu amejifungua msichana, na kesho anapewa jina. Nataka jina la aliyeniokoa. Msiniambie apewe matatu; mwenye majina matatu haitiki hata kwa moja."

"Mwanamvita!" akadakia mwenye jina. "Nilitoa zamu niliyoihitaji mimi mwenyewe."

"Ungeitoa apitie wapi, bibi, mlango nisingeufungua?" Lwitiko akamkata. "Nimevunja kanuni mimi, na barua ninayo. Tena kwetu Lwitiko huitwa hata msichana."

"Barua haiumi, baba," akajibu Bi Mwanamvita. "Saratani ndiyo inayouma."

Nikakohoa. "Kwa mpangilio wa matukio, bila picha zangu hakuna ambaye angejua kwamba tatizo ni kibofu. Na bila ripoti yangu, foleni ile ingekufa siku ileile."

"Na bila mwongozo wako," akasema Bi Mwanamvita, "watu wasingerudishwa makundi kwa makundi."

Nikatoa kalamu na karatasi.

Wasikilizaji wangu, nimekwisha kuchora jedwali la safu kumi na moja, na kila nikiligeuza jina langu linashinda. Ndiyo maana siliamini jedwali hilo. Mama Nankondo anataka jibu kabla ya kesho. Nani anastahili: aliyeona tatizo, aliyetoa zamu yake, au aliyefungua mlango? Mtoto aitwe nani?