Samaki Ambaye Maji Hayakumtaja

Hii ni kesi, na hakimu ni ninyi. Sikilizeni kwanza, hasira mtaitoa mwishoni.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Masunga, mvuvi, alikijua kinamasi cha Ng'wandu kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Nkwimba alijua kuchuja maji. Kila kiumbe wa majini huacha ute, magamba na kinyesi, na ndani yake mna vinasaba vyake. Nkwimba alivinasa kwa kichujio chembamba kama karatasi. Limbu, mtu wa maabara, alijua kuvisoma. Ukimpa kichujio, alikutajia samaki aliyepita bila kuuona hata mkia wake.

Halmashauri ilitaka kukifukia kinamasi ijenge stendi. Sharti lilikuwa moja: maji yapimwe kwanza. Akionekana kamongo, yule samaki wa topeni avutaye hewa, kinamasi kinabaki. Asipoonekana, malori ya kifusi yanaingia. Aliyelisubiri jibu hilo kuliko wote ni Kabula, dada yake Masunga. Yeye huchimba kamongo topeni na kuwakausha kwa moshi. Hana kazi nyingine.

Masunga aliwapeleka wapimaji kwenye chemchemi, penye maji meupe. Kule kwenye tope, anakolala kamongo, hakuwafikisha. "Mgeni humpi maji ya tope," alisema.

Nkwimba alichuja, akaviweka vichujio kwenye boksi la barafu ndani ya gari, akaondoka. Kabla hajaifikia barabara alikuta turubai na vilio. Mume wa Kabula alikuwa amefariki. Nkwimba aliingia, akakaa na wafiwa, akaosha vyombo. Aliporudi garini barafu ilikuwa imeyeyuka ikawa maji ya vuguvugu, na joto huharibu vinasaba.

Limbu alisoma kilichobaki. Kati ya mirija mitatu, kamongo alionekana katika mmoja, kwa mbali. Kanuni ya maabara inataka miwili ndipo useme yupo. Angeweza kuandika "haijulikani", maji yakapimwa upya. Aliandika "hayupo".

Siku ya baraza Kabula alikuja na beseni kichwani, akalitua mezani kwa kishindo. Ndani alikuwamo kamongo. Alijipinda, maji yakaruka hadi kwenye shati la mwenyekiti wa halmashauri.

"Huyu hapa asiyekuwepo! Mwambieni mwenyewe kwamba hayupo!"

"Mama, samaki wa beseni anaweza kutoka popote," mwenyekiti alisema.

"Hata wewe hatujui ulikotoka, lakini kiti tumekupa!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alifuta shati, akatoa uamuzi: maji yatapimwa tena, mara moja tu. Lakini aliyeharibu kipimo cha kwanza atajwe, na asiiguse tena kazi hii.

"Wewe ndiye mlalamikaji, mama, mtaje mmoja. Nafasi yake halmashauri itaijaza na mtu wake. Ukiwataja wote, au usipomtaja yeyote, ripoti inabaki kama ilivyo."

Kabula aliwageukia wale watatu.

"Dada, mimi nilitunza heshima," Masunga alianza.

"Heshima gani! Tope ndilo lililokulea, leo unaliona aibu mbele ya wageni?"

"Nami ningepita msibani kwako kama jiwe?" Nkwimba aliuliza.

"Ungepita! Marehemu asingeamka kukuuliza. Sahani zangu zingesubiri, mwanangu. Barafu haisubiri."

Limbu alivua miwani. "Mimi nilifuata kanuni."

"Kanuni ilikukataza kusema hujui?"

Limbu aliirudisha miwani usoni.

"Kaka yangu ananionea aibu," Kabula alisema, "huyu ananionea huruma, na huyu hanioni kabisa. Wote watatu mmenifukia kabla ya malori."

"Mtaje, mama," mwenyekiti alisema. "Madereva wanasubiri."

Nje, injini za malori zilikuwa zikinguruma. Ndani ya beseni kamongo aliinua kichwa, akavuta hewa kama mtu, akarudi chini. Kabula aliinua kidole, na kidole kikabaki hewani.

Akimtaja Masunga, mtu wa halmashauri ndiye atakayechagua mahali pa kuchota. Akimtaja Nkwimba, mtu wa halmashauri ndiye atakayebeba boksi, na safari ni ndefu, na jua ni kali. Akimtaja Limbu, mtu wa halmashauri ndiye atakayekaa peke yake na mirija, kisha aandike neno moja.

Kesi yangu inaishia hapo kidole kilipo. Ninyi mliokaa hapa, msiniambie nani alikosa zaidi. Hilo Kabula amekwisha kulisema: wote watatu. Niambieni hili: kuonyesha, kuchuja na kusoma, ni kazi ipi mngethubutu kumwachia anayekitaka kinamasi kife?