Kigoda Kando ya Kitanda cha Namkunda

Sogeeni hapa, na anayetaka kusinzia asinzie akijua kwamba mwishoni ataulizwa.

Kule Mbeya aliishi mjane mmoja, Namkunda, aliyejaliwa watoto watatu, wote mafundi. Senkondo, mkubwa, alikuwa seremala. Nakiete alikuwa fundi umeme wa magari. Mbazi, kitinda mimba, alishona viti na mapazia ya magari. Saratani ya Namkunda ilipoenea mgongoni na mapafuni, daktari alisema hana la kuongeza. Namkunda akaomba afie kwao, milimani Usangi, na njiani awe na wanawe wote.

Safari ilikuwa ndefu na kuketi hawezi. Watoto wakanunua gari aina ya Noa, lililochoka, ili waligeuze chumba. Mbele wangekaa dereva na muuguzi. Nyuma kulitosha kitanda chembamba na viti vya watoto watatu.

Senkondo akaja kumwambia mama kwamba kitanda chembamba kitamtesa, hatageuzwa ubavu. Akaomba akipanue. Mama akasema, "Sawa, mwanangu." Kiti kimoja kikang'olewa.

Nakiete akaja peke yake, akaeleza kuwa mashine ya hewa anayopumulia mama inakula umeme na betri ya gari haitafika nayo popote. Akaomba nafasi ya betri kubwa. Mama akasema sawa, na kiti cha pili kikaondoka.

Mbazi alijua kwa nini mama aligoma kupanda gari la hospitali: aliona aibu kujisaidia mbele ya watu. Akamtengenezea choo cha ndoo kwenye kona, chenye pazia zito. Kiti cha tatu hakikuenea tena, kikawa kigoda cha kukunja, kichwani pa mgonjwa.

Namkunda hakuwahi kujifunza kumkatalia mtoto. Alikubali kila kazi kivyake, bila kuzijumlisha, na wale watatu walitaka kushtukizana kwa uzuri wa kazi zao, kila mmoja akidhani viti vilivyotolewa vitarudishwa. Asubuhi ya kuondoka alipobebwa na kulazwa ndani, ndipo alipoona kigoda kiko kimoja. Alilia, na hakuficha.

Katika ukoo wao, anayemfumba mzazi macho ndiye hupokea maneno yake ya mwisho na kutupa udongo wa kwanza kaburini. Muuguzi alishawanong'oneza kuwa huenda mama asifike. Wawili wangefuata kwa basi, na wangemkuta kafunikwa.

Senkondo akasema bila kitanda mama asingetoka nyumbani. Nakiete akasema bila hewa asingefika hata Makambako. Mbazi akasema bila pazia asingekubali kupanda. Wote walisema kweli, na hilo ndilo lililouma.

Kisha Nakiete akachukua spana, akainama kufungua betri ili ampishe mdogo wake. Mbazi akamshika mkono.

"Dada, mama atavuta nini?"

Nakiete akaiweka spana chini. Senkondo, aliyezoea kuamua kila kitu, akapiga magoti mlangoni. "Mama, sisi tumeshindwa. Mtaje wewe atakayeketi."

Namkunda akawatazama. Akimtaja mmoja, wawili watazeeka wakijiuliza walimkosea nini. Akisema kigoda kikae kitupu, hakuna atakayeonewa, ila atakufa akisikia mashine tu, na jambo hilo alikuwa analiogopa kuliko maumivu yenyewe. Akisema kimojawapo cha vile vitatu, kitanda, betri au choo, king'olewe wapande wawili, atateseka njia nzima, na wa tatu bado atabaki barabarani.

Dereva akawasha gari, akauliza kama waondoke. Namkunda akanyanyua mkono kutoka kwenye shuka, na watoto wake wakaufuata kwa macho.

Haya, uliyekuwa unasinzia, amka. Mkono ule ni wako sasa. Je, wewe ungemwonyesha nani kile kigoda?