Pa Kukaza na Pa Kukatika

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ambayo umeme wake ulitosha. Jina lake Kaduma, seremala wa Makambako. Waya uliovutwa ukutani mwaka aliooa ulikuwa mwembamba, wa kuwasha taa tatu na redio, na kwa miaka ishirini na sita yeye na mkewe hawakuhitaji zaidi. Kazi aliifanyia mjini. Nyumbani alirudi kupumzika.

Mwezi wa Machi mkewe akafariki. Makaburini wanaume walimshika bega mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia neno lile lile: "Jikaze." Akajikaza. Hakulia siku ile, wala siku ya kuondoa matanga. Alinunua msumeno wa umeme, kisha randa ya umeme, kisha mashine ya kuchomelea, akavipanga vyote katika chumba alichokuwa akilala na mkewe. Akawa anafanya kazi humo tangu asubuhi hadi jua kuchwa, kwa maana kelele za mashine hazimwachii mtu nafasi ya kukumbuka.

Lakini nyumba ilikataa. Kila alipowasha mashine mbili pamoja, fyuzi iliungua, yaani ule uzi mwembamba wa waya ulio ndani ya kisanduku cha swichi kuu, na nyumba nzima ikanyamaza. Kimya hicho ndicho alichokichukia. Akailaumu nguzo ya umeme ya mtaani.

"Umeme wa mtaa huu mdogo," alimwambia jirani yake, Mhema.

"Mdogo kwako, bwana. Sisi wenzako tunachemsha chai, wewe unaendesha treni."

Kaduma hakucheka. Alitwaa kipande cha waya mnene, akakiweka mahali pa fyuzi, akakaza skrubu kwa bisibisi mpaka kiganja kikamuuma. Tangu siku hiyo umeme haukukatika tena. Watu waliopita njiani walisikia ngurumo ile wakamsifu: Kaduma mwanamume, kajikaza.

Wiki ya tatu, binti yake wa pekee, aliyelala chumba cha pili, alimwambia kwamba ukuta wa kichwani pa kitanda chake una joto. Kaduma aliugusa, akauondoa mkono upesi. Rangi ilikuwa imegeuka kahawia, na palinuka plastiki iliyoungua. Akazima kila kitu, akaenda mwenyewe kumleta fundi umeme, mama mmoja kijana aitwaye Sekela.

Sekela alimwamkia, kisha akapima umeme kwenye mita, akaja kuupima kwenye msumeno. "Baba, umeme unafika mzima mlangoni kwako," alisema. "Unapotelea humu ndani, unageuka moto." Akafungua kisanduku. Akauonyesha kwa kidole ule waya mnene.

"Nani alikaza hapa?"

"Mimi."

"Hapa si pa kukaza, baba. Hapa pamewekwa pakatike, ili nyumba isiungue."

Akautoa waya mnene, akarudisha ule mwembamba. Akamweleza kwamba atavuta waya mwingine wenye nguvu, wa mashine peke yake, kutoka kwenye mita, na ule ulioungua ukutani atautoa. Lakini kazi hiyo ina siku zake. Hadi hapo, chumba cha binti akitenge na umeme, huku kwake awashe mashine moja moja, na fyuzi ikikatika, aiache ikatike.

Alasiri, kwa mazoea, Kaduma aliwasha msumeno na randa pamoja. Fyuzi ikakatika. Mkono wake ukaenda kwenye bisibisi, ukaishika, kisha ukaiweka chini. Katika kile kimya alimsikia binti yake akifagia ua, kwa mikwaruzo mifupi mifupi, kama alivyokuwa akifagia mama yake. Akaketi juu ya mbao, akalia kwa sauti, kilio cha miezi mitatu.

Binti aliacha ufagio akaingia, akaketi kando yake, naye akalia. Ng'ambo ya ua Mhema aliwasikia, akatikisa kichwa, akamwambia mkewe, "Maskini Kaduma, sasa ameharibika."

Haya, ninyi mliosikia: nyumba iliyoharibika ni ipi, ile iliyokatika, au ile iliyokuwa ikiungua huku mkiisifu?