Nyaya Tatu na Kaburi Moja

Hebu fumbeni macho kidogo, mchore picha. Ni asubuhi ya ukungu, barabara ya milimani huko Rungwe. Pikapu kuukuu imesimama pembeni, boneti juu. Ndani amekaa bibi mwembamba mwenye mpira wa hewa puani. Nje, wanawe watatu wanaitazama injini kama watu wanaomtazama mgonjwa wa pili.

Bibi huyo aliitwa Tusajigwe. Moshi wa jikoni ulikuwa umemla mapafu, na bila mashine ya oksijeni hakuweza kupumua. Kijijini umeme ulikuwa umekatika siku ya nne, kwa hiyo wanawe walikuwa wakimkimbiza hospitali ya mkoa, mashine ikila umeme wa gari.

Mkubwa wao, Ambakisye, alikuwa na ujuzi. Alikuwa fundi umeme wa magari. Akigusa waya tu, alikwambia gari linaumwa nini. Wa pili, Subilaga, alikuwa na chombo. Alichomelea mageti na madirisha kwa mashine yake mwenyewe, na popote alipokwenda ilikwenda naye. Hata siku hiyo ilikuwa nyuma ya pikapu. Wa mwisho, Lugano, alikuwa na mikono. Pale spana ilipokwama, vidole vyake vilipita.

Basi mashine ya oksijeni ilianza kulia, pi, pi, pi. Umeme ulikuwa unapungua. Ambakisye alizima injini, akamfungulia mama mtungi mdogo wa akiba.

"Huu una nusu saa," alisema.

Akagusa waya utokao kwenye alteneta kwenda kwenye betri, akauondoa mkono upesi. Ulikuwa wa moto. Jana yake alikuwa amefunga alteneta kubwa, ili gari lizalishe umeme wa kuitosha mashine. Lakini nyaya alikuwa ameziacha zile zile za zamani, nyembamba.

"Kaka," alisema Lugano, "umemtia kuku moyo wa ng'ombe, mishipa ukamwachia ya kuku."

"Najua. Usinichome mara mbili." Ambakisye alifuta uso. "Tunataka nyaya nene tatu. Mmoja utoke alteneta hadi betri. Wa pili betri hadi bodi ya gari, wa tatu injini hadi bodi, maana umeme ukienda lazima urudi. Ukikosekana mmoja, hizo nyingine ni bure."

"Na nyaya zenyewe ziko wapi?" aliuliza Lugano.

Subilaga alimtazama mama kupitia kioo. Kisha akatazama nyuma ya pikapu. Mashine yake ilikuwa na kebo nene ya shaba. Hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mumewe aondoke na kumwachia nyumba tupu. Bila kebo, mashine ingebaki sanduku la chuma, na nyingine hakujua angeipata wapi. Akachukua msumeno.

"Dada, ngoja," alisema Lugano. "Utakula nini?"

"Nitajua huko mbele. Shika huku, isiteleze."

Alikata vipande vitatu. Hakulia.

Koleo la kubania vichwa vya nyaya halikuwepo, basi Lugano aliibana shaba kwa nyundo juu ya jiwe. Nati ya mwisho ilikuwa nyuma ya injini, kando ya bomba lililochemka, mahali spana isipofika. Akaingiza vidole.

"Toa mkono, Lugano," alisema Ambakisye.

"Nikiutoa, nati inaanguka."

Alikaza mpaka mwisho. Ngozi ilibaki kwenye bomba. Gari likawaka, pi pi ikakoma, na mtungi ulikuwa umebakiwa na pumzi chache tu.

Walifika hospitali. Mama akaishi siku tatu, basi. Daktari alisema mapafu yalikuwa yameshachoka.

Siku ya tatu mama alisema, "Aliyenipa siku hizi, nilale uwani kwake."

Shamba la familia, pamoja na kaburi la baba yao, lilikuwa limezolewa na maporomoko mwaka uliotangulia. Hapakuwa na pa kumrudisha.

"Mama, ni nani?" aliuliza Subilaga.

Mama alifumba macho, hakuyafumbua tena.

Watatu walikaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Bila mimi mngehangaika na betri mpaka mtungi uishe," alisema Ambakisye. Kisha akateremsha sauti. "Na kosa lilikuwa langu. Nibaki nalo, bila hata kaburi la kwenda kuliombea msamaha?"

Lugano aliweka mapajani mikono iliyofungwa bandeji. "Vidole viwili havitakunjika tena," alisema. "Sina la kuongeza."

"Ninyi mna wake na watoto," alisema Subilaga. "Mimi nikirudi, hakuna kazi, hakuna mtu. Nilitaka tu mahali pa kufagia asubuhi, nimsalimie."

Akawasikiliza kaka zake, akatafuta uongo katika maneno yao ili apate kuwakasirikia. Hakuuona. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ashike ule msumeno.

Je, wewe ungeamua vipi? Nani alimpa mama siku zile: aliyejua, aliyetoa, au aliyekaza?

Msinijibu haraka, wanangu. Pimeni, mbishane taratibu. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: wakati sisi tunabishana, mama bado yuko chumba cha baridi, na katika nyua zote tatu hakuna aliyeinua jembe.